Neno la Siri la Gakii

Jumapili, mwezi wa saba. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Kuni ni mbichi, zinatoa moshi tu. Na mimi niko hivyo hivyo.

Leo kanisani sikuomba. Niliinamisha kichwa kama wengine, lakini nilikuwa naangalia viatu vya Gakii.

Gakii ni karani katika ofisi ya maziwa pale Meru mjini. Alikaa kando yangu, akanishika mkono, akaninong'oneza, akiniita nyanya kama wajukuu wangu, "Cucu, niombee. Kesho naitwa mbele ya kamati, na sijui nilikosa nini."

Mimi najua. Hakukosa kitu.

Ngoja niseme vizuri. Katika ofisi hiyo nina watu wangu wawili. Mjukuu wangu Kendi ndiye anaangalia kompyuta zote. Mwanangu, mjomba wake Kendi, ni karani kama Gakii. Kila jioni wanaingiza hesabu ya maziwa ya kila kituo kwa mashine. Jina lake silitaji hapa. Nina wavulana wanne, kisieni.

Mwaka huu Kendi alileta sheria. Kila mtu awe na neno lake la siri la kufungulia kompyuta, asimwambie mtu, hata bibi yake, hata bwana yake. Kila mwezi alibadilishe. Ukikosea mara tatu mashine inakufungia nje, na lazima uende kwa meza ya Kendi ufunguliwe. Sheria nzuri. Sijaingia darasa hata siku moja, lakini komeo najua ni la nini.

Shida ni kwamba Kendi alifikiria mashine, akasahau watu.

Mwanangu amepita miaka hamsini. Kendi alipougua surua utotoni, ni yeye alimbeba mgongoni mpaka hospitali kwa mvua. Sasa kila mwezi anasahau neno, anaenda kusimama mbele ya meza yake, vijana wakitazama. Mara ya mwisho Kendi alimwambia, "Anko, tena? Si nikuandikie kwa kiganja kama mtoto wa nasari!" Ofisi nzima ikacheka.

Basi alipofungiwa tena, hakwenda. Gakii alikuwa amesharudi nyumbani. Mwanangu akaketi kwa kompyuta, akaingia kwa neno la Gakii.

Mtauliza alilijuaje. Huku kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Mama mkwe wa Gakii ni Karimi, tunaimba naye kwaya ya akina mama, kwa hivyo mtoto wa Gakii ni Karimi, na jina la mtoto ndilo neno lake la siri. Mashine ikikataa jina tupu, watu wanaongeza namba moja mwishoni. Hiyo ni siri gani? Kanisa lote linaweza kuifungua. Na msijisumbue kujaribu, limeshabadilishwa.

Ile jioni mwanangu alikuwa na haraka, akaandika maziwa ya kituo kimoja kwa kituo kingine. Wakulima walipolipwa vibaya walikuja ofisini wakipiga kelele, na walikuwa na haki. Kendi akauliza mashine, mashine ikasema Gakii.

Jana Kendi alikuja hapa jikoni kunihadithia, shingo imesimama. "Cucu, mashine haidanganyi. Neno ni lake, kosa ni lake. Akifutwa, wengine watashika adabu." Nikampa chai, nikamsifu. Nilikuwa bado sijajua.

Kendi alipoondoka tu, mwanangu akaingia. Hata hakukaa. Akanieleza yote, kisha akasema, "Mama, ongea na Kendi. Wewe anakusikia. Amwachilie Gakii, mambo yaishe, na mimi nisitajwe."

"Na asipomwachilia? Utamwangalia Gakii na macho gani?"

"Labda hawatamfuta."

Labda! Nikamwambia, "Wewe ni mjinga, na ni wangu. Kaa ule." Akala mukimo akilia juu ya sahani, mtu mzima na mvi zake. Nikampangusa uso kwa leso yangu. Halafu nikamwambia sitamwombea msamaha kwa Kendi, kinywa anacho.

Hapo mnaweza kufikiri mimi ni jasiri. Siyo. Wakimfuta mwanangu, kwa umri wake, nani atamwandika tena? Watoto wake wawili bado wako sekondari. Leo kanisani niliwaza kwamba Gakii bado ni kijana, atapata kazi ingine, acha abebe tu. Niliwaza hivyo mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu.

Nilijichukia.

Na Kendi naye naogopa siku atakapojua. Ni msichana wa haki, anapenda mambo yaliyonyooka, na amemshika mtu asiye na kosa. Nitamgombeza kwa kile kicheko cha ofisini, hilo hataliepuka, lakini najua atalia kuliko sisi wote.

Sasa kuna hii simu. Mimi naongea, yenyewe inaandika. Kendi ndiye alinifungulia huu ukurasa wa mtandaoni, na yeye ndiye wa kwanza kusoma kila ninachosema. Kwa hivyo leo naongea nipumue tu, lakini situmi. Jambo kama hili asilisome kwa kioo cha simu akiwa kwa stage akingoja matatu.

Kesho asubuhi anapita hapa kuchukua maziwa kabla ya kwenda kazini. Nimemwambia mwanangu afike kabla yake, na amwambie mwenyewe. Asipofika, nitamwambia mimi. Halafu nitavaa viatu vyangu vya kanisa niende na Kendi mjini, nikakae nje ya hiyo kamati na Gakii mpaka aitwe, na akitoka niwe pale.

Mkiona mnasoma haya, jueni limeshasemwa. Nani alilisema, msiniulize.