Moldi Niliyoharibu Mimi

Jumanne, usiku

Na bado nilitoa utani. Hiyo ndiyo inaniuma.

Moldi, ile chuma inayotoa vifuniko vya jerikeni, ilikwaruzika, jana nikailainisha na tupa. Tororo yote inajua kidole gumba yangu inapima kushinda kipimo chochote. Lakini hapa kiwandani ukishatengeneza moldi, kifuniko cha kwanza unafunga kwa jerikeni ya maji, unaipindua, unangoja uone kama inavuja. Mimi sikungoja. Nilikuwa nahadithia vijana vile nilifufua mashini iliyokufa, na hadithi ilikuwa imenoga.

Leo vifuniko vyote vinavuja. Supavaiza akamrukia Athieno, mama anayeendesha ile mashini.

"Umezidisha moto wa plastiki! Nenda nyumbani mpaka nikuite."

"Moto sijagusa, bosi. Mzee, si wewe uliniambia moldi iko sawa?"

Wote wakaniangalia. Nikasema, "Mama, labda maji ya siku hizi imekuwa nyembamba."

Wakacheka mpaka supavaiza. Athieno hakucheka. Akavua aproni, akaikunja pole pole, akashika njia ya kwao Rubongi kwa miguu. Bwana yake hana kazi. Watoto wanakula kwa ile mashini.

Tangu jioni najaribu kuipanga hii hadithi nitokee mzuri, kama zile zangu zingine. Inakataa.

Kesho kabla mashini iwake namwambia supavaiza ni mkono yangu. Naogopa kitu kimoja tu: nikifungua mdomo, watu wakinitazama vile, nisije nikawachekesha tena.