Kwa Upondo, Si na Upondo

Rafiki yangu Wilondja,

Uniwie radhi kwa kunyamaza tangu tulipokuzika. Sikuugua, wala sikuwa mvivu. Nilianza kukuandikia mara kadhaa, lakini kila nilipofika sentensi ya pili kalamu ilinidai wakati uliopita: ulikuwa, ulipenda, ulisema. Nikaiweka chini. Mwalimu mzima wa sarufi nikashindwa na kiambishi kimoja. Leo naandika kwa sababu kuna jambo linalokuhitaji, na hapa mjini Baraka sina mwingine wa kumwuliza.

Jambo lenyewe ni Sifa, mjukuu wako.

Amerefuka, msichana wetu. Bado anakimbia kila asubuhi kwenye njia ya Swima, kwa mwendo ule uliomfundisha: mabega yametulia, mdomo umefungwa, kama mtu aliyetumwa chumvi na hakuambiwa aharakishe. Waendesha pikipiki wote wanamfahamu. Humpigia honi na kumtania, "Sifa, panda nikubebe, unamaliza viatu bure!" Naye hujibu bila kusimama, "We ongeza mafuta, mi nitakungojea Swima!" Mimi husikia yote kutoka barazani kwangu.

Lakini sasa anaruka pia, kwa mti mrefu. Matanga yalipokwisha, mama yake, binti yako Apolina, aliuchukua upondo wako wa zamani wa mtumbwi akaufanya nguzo ya kamba ya nguo. Siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta nguo zote chini, na upondo haupo. Sifa alikuwa ameubeba begani hadi kwenye kiwanja cha nyuma ya kanisa. Kelele alizopiga Apolina siku hiyo, nadhani hata wewe ulizisikia.

Je, unakumbuka jinsi sisi wenyewe tulivyoanza? Tulikuwa walimu vijana kule Swima, na tulijua kitu kimoja tu, kukimbia mbali. Mchezo wa kuruka kwa mti mrefu ulikuwa umeuona mara moja tu maishani, ukiwa mwanafunzi Bukavu, tena kwa kuchungulia juu ya ua. Ukauazima upondo wa baba yako, ule wa kusukumia mtumbwi mahali pasipo na kina. Ukafunga kamba ya katani kati ya vijiti viwili, ukachimba shimo dogo la kusimikia upondo, ukarundika mchanga, na juu ya mchanga magunia ya pumba za mpunga.

"Leo tunaruka na upondo!" ukatangaza.

"Kwa upondo," nikakusahihisha. "'Kwa' huonyesha chombo. 'Na' huonyesha mwenzi."

"Weye! Siku utafika mbinguni utaanza kumusahihisha Petro kwenye mulango. Acha niruke kwanza!"

Ukaruka. Uliivuka kamba, na upondo ukavuka pamoja nawe, umeukumbatia kama ndugu aliyepotea. Kamba ikakatika, mkaanguka wote wawili juu ya pumba. Watoto wa ufukweni walicheka hadi wakakaa chini.

Kosa hilo lilikufuata muda mrefu. Mgeni angesema ni woga, lakini mimi nilimjua baba yako. Tangu utotoni alikuwa amekufundisha kwamba mtu anayeuachia upondo ziwani atarudi nyumbani akipiga makasia kwa viganja, na kijiji kizima kitakuwa kimejipanga ufukweni kumpokea. Mikono yako ilikuwa imelelewa hivyo, ikakataa kufunguka. Kisha siku moja ulikaa mchangani, umejaa pumba kichwani, ukaniambia taratibu, "Sasa nimeelewa. Ni kwa. Si na." Katika urafiki wetu wote sikumbuki siku nyingine uliyokubali kusahihishwa.

Na miguu yetu, Wilondja! Tulidhani miguu inayofika mbali inaweza kila kitu. Asubuhi tulikimbia, jioni ya siku ileile tukashika upondo, tukashangaa kwamba tunaikaribia kamba kama watu wanaosindikiza jeneza. Ni wewe uliyegundua. Mbio ndefu huufundisha mguu kubana nguvu, ukasema, na kuruka kunataka zote zitolewe mahali pafupi, bila kubakiza. Ukabadili mpango wetu. Siku ya kuruka, tulianza na upondo, miguu ikiwa bado haijachoka, kisha tukakimbia polepole, kidogo tu, ili kuinyosha. Mbio ndefu zilingoja kesho yake, na upondo ukabaki nyumbani. Jumapili tuliyapumzisha yote mawili. Mimi sikuwahi kuvuka kamba iliyopita kifua changu, na nilibaki mkimbiaji. Lakini jioni zile, upepo wa ziwa ukikausha jasho, na wewe ukinikosoa kwa zamu yako... Sijapata tena mtu wa kunikosoa.

Sifa ameyarudia makosa yetu yote. Alikimbia hadi mwanzo wa mpando wa kwenda Fizi, akarudi, akaenda kuruka siku hiyohiyo. Kifundo cha mguu kikavimba. Apolina akaja kwangu mikono kiunoni: "Papa Mwalimu, huyu mutoto iko anaisha! Asubuhi mbio, mangaribi kuruka, nitabakia na mifupa tu ndani ya nyumba!" Ndipo nilipobeba kiti changu hadi kiwanjani nikampa Sifa mpango wako, kama ulivyokuwa. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, ule uso wako wa kukubali bila kutaka ionekane. Mguu ukapona.

Kilichobaki kilikuwa mikono. Naye aliupenda upondo mno kuuachia. Alivuka nao, akaanguka nao.

"Kwa upondo, Sifa," nikamwambia. "Si na upondo."

"Babu, na, kwa, si ni kitu moja?"

"Ni kitu kimoja, tena si kitu kimoja."

Akacheka hadi akaegemea kijiti. Nikamweleza hata hivyo. Mwenzi huvuka nawe. Chombo hukusaidia, kisha unakiacha upande huu. Akautazama upondo. Nadhani kumwacha mwenzi ndilo jambo alilokuwa hataki kusikia, kwa maana ulikuwa wako.

Siku chache baadaye alifanya hivyo. Alikimbia, akasimika, akapanda, na nikaona viganja vyake vikifunguka. Upondo ukasimama peke yake kidogo, kisha ukaangukia upande aliotoka. Yeye alikuwa ng'ambo, na kamba haikutikisika. Nilisimama nikapiga makofi. Mtoto mmoja akasema nyuma yangu, "Kumbe Mwalimu anajua kufurahi!" Niligeuka kukutafuta. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Sasa sikiliza. Mashindano ya shule yatafanyika Uvira. Mbio ndefu na kuruka vimepangwa asubuhi moja, saa zinagongana, na mwanafunzi ataandikwa upande mmoja tu. Mwalimu wa michezo anataka jina Jumatatu. Masista wenye shule ya bweni Bukavu walikwisha kumwona Sifa akikimbia. Wamesema akishinda tena, watampa nafasi ya kusoma kwao. Katika mbio sioni wa kumshinda. Katika kuruka bado ni mwanagenzi. Wasichana wa mjini huruka kwa fimbo zinazopinda na kuangukia magodoro; yeye ana mti wa mtumbwi. Huenda akawa wa mwisho, na shule ya masista ikapotea.

Apolina anataka mbio, na hoja yake imenyooka. "Mbio iko na masomo ndani, Papa Mwalimu. Kuruka iko na nini?" Amesema nitakaloamua mimi ndilo atakalofuata, kwa sababu hospitalini ulimwambia anisikilize. Ulinitwika mzigo, rafiki yangu, bila kuniuliza.

Nilikuwa karibu kusema mbio. Jana nikamwuliza Sifa kipi kitamwuma zaidi akikikosa. Alichora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Babu, mbio nitakuwa nayo hata nikiwa na batoto. Hii ya kuruka, nisiporuka sasa, nitaruka siku gani?"

Sikusahihisha neno hata moja.

Tangu jana nataka aruke. Lakini nimejichunguza, na sipendi nilichokiona. Sijui kama nataka hivyo kwa ajili yake, au kwa sababu kila anapoivuka kamba nakuona wewe ukiwa kijana. Mzee aliyefiwa na rafiki anaweza kuyauza masomo ya mtoto ili apate kumwona rafiki yake hewani kwa muda mfupi. Hilo siwezi kulifanya. Wala siwezi kumnyima mtoto jambo jema kwa kuogopa nafsi yangu.

Kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda kwa Apolina nikaurudisha mzigo ulionitwika. Nilimwambia kwamba mama ndiye atakayeamua, pamoja na mwanawe, si mimi, wala si wewe. Nimemwomba jambo moja tu: aje kiwanjani Jumamosi, kwa maana hajawahi kumwona Sifa akiruka hata mara moja. Apolina akasema, "Nitakuja. Lakini usinihubirie." Nimeahidi kuweka kiti changu mbali na chake na kufunga mdomo. Wewe unajua kama naweza.

Pumzika, ndugu yangu. Binti yako na mjukuu wako wako salama, na mimi nawatazama kwa kadiri ya macho yaliyobaki. Jina likiandikwa Jumatatu, nitakuandikia siku hiyohiyo na kukuambia ni la mbio au la kuruka. Likiwa la mbio, usinikasirikie. Na likiwa la kuruka, ukae karibu na Apolina asubuhi ya mashindano, kwa maana atakuwa anaogopa.

Ni mimi,
mwenzako wa Swima