Mzee wa Kituo cha Saba

Tarehe 6, mwezi wa pili

Mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Mimi ni chuma, usihangaike na hali yangu, inayolalamika hapa ni cherehani. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee, na imenichukua siku mbili tu.

Kumbe mtihani wa kuandika umeupita, ule wa vitendo ndio umekuangusha, tena kituo kimoja tu, cha saba. Wamekuwekea mzee anayeigiza mgonjwa, anaumwa chini ya kitovu, ukamuuliza chakula, ukamuuliza usingizi, ukamuuliza mpaka wajukuu zake, mkojo hukuuliza. Kisa ana mvi kama zangu. Na sasa umebakiwa na nafasi moja, mwezi wa nne, ukikosa hapo leseni ya udaktari ndiyo basi tena.

Nisikilize mimi. Nimeshona suruali miaka hamsini na moja. Nimepima mapaja ya maofisa, nimepima ya wakwe zangu, na kila mmoja nimemuuliza bila kupepesa macho: mzigo unaulaza kushoto au kulia? Wanajibu. Dukani kwangu hajafa mtu kwa aibu.

Basi fanyia mazoezi kwangu. Mimi mgonjwa, wewe daktari, niulize kwa barua. Nitakuzungusha kidogo ili ukomae.

Babu yako, fundi

Tarehe 19, mwezi wa pili

Babu,

Shikamoo. Nafurahi kusikia u mzima. Mimi nimekonda kidogo, ni kusoma tu, usimwambie mama.

Haya, naanza. Samahani sana Babu. Je, mkojo unatoka vizuri, au unasimama ukiusubiri? Samahani tena. Kama kuna shida, ina muda gani? Na, uniwie radhi, umewahi kuona damu?

Nimeandika hayo huku nimeifunika karatasi kwa mkono, kama vile unanichungulia.

Mjukuu wako

Tarehe 5, mwezi wa tatu

Mjukuu wangu,

Huku shwari, kazi zimejaa mpaka mlangoni, watu hawataki fundi mwingine.

Maswali matatu, samahani tatu. Mgonjwa atazikwa wewe bado unaomba radhi. Na kwa nini ufunike karatasi, unaiba mtihani?

Sasa sikiliza majibu ya mgonjwa wetu, huyu wa kubuni. Huyu bwana akiingia chooni anasimama mpaka jirani yake kinyozi anakohoa nje kwa kuchoka kungoja. Akitoka, hajakaa sawa, anarudi. Suruali moja anaiacha mara nne kabla hajamaliza kuishona. Zake mwenyewe ameshafumua vifungo, ametia mpira kiunoni, maana vifungo vinamchelewesha. Muda gani, hakumbuki. Damu, sikwambii, ndipo pa kukubana hapo.

Haya daktari, ni ugonjwa gani? Umeona nilivyo stadi wa kuigiza, hao wa kwenye mtihani wenu ningewafundisha.

Babu yako

Tarehe 16, mwezi wa tatu

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima. Wewe, sijui.

Mgonjwa wa kubuni hafumui vifungo vya suruali yake. Nimeisoma barua yako mara tano. Ni wewe, Babu? Una shida hiyo tangu lini, na umeona damu? Leo siombi samahani. Nenda hospitali wiki hii, halafu uniandikie.

Mjukuu wako

Tarehe 24, mwezi wa nne

Babu,

Shikamoo. Mwezi umepita na zaidi, hujajibu. Mama anasema kila akipiga simu kwa kinyozi anaambiwa umetoka kidogo.

Mtihani nimeufanya jana. Wameniwekea mzee tena, huyu akaniambia yeye hana tatizo lolote, ameletwa na mkewe tu. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Mzee, nitakuuliza habari za mkojo, nijibu kama ulivyo." Akaanza kukunja na kukunjua kofia yake, nami nikamngoja, dakika zinakwenda. Mwisho akajibu. Kengele ikalia sijamaliza kumpima tumbo, kwa hiyo sijui kama nimepita. Matokeo ni baada ya wiki mbili.

Majibu yako nayataka kabla ya hayo.

Mjukuu wako

Tarehe 2, mwezi wa tano

Mjukuu wangu,

Nakuandikia kutoka wodini, kitanda cha dirishani, wamenichagulia kizuri. Usishtuke.

Ile barua yako ya kunituma hospitali ilinikasirisha. Nilisema huyu mtoto ananiamrisha, nikaitupa kwenye droo ya nyuzi. Tarehe kumi na nane ya mwezi uliopita mkojo ukagoma kabisa, tumbo likawa ngoma. Kinyozi alinibeba mgongoni, na yeye ni mfupi, miguu yangu inaburutika barabara nzima. Kuhusu simu za mama yako, ni mimi niliyemkataza kinyozi asiseme. Siku zako za mtihani zilikuwa zimekaribia.

Hapa nimepokewa na daktari binti, umbo lako hilo hilo. Akaniuliza chakula. Akaniuliza usingizi. Akaziangalia mvi zangu akaanza kuuliza habari za wajukuu. Nikaona huyu naye ataanguka kituo cha saba, na mimi ndiye ninayekufa. Nikamwambia, "Binti yangu, niulize mkojo." Akauliza, nikamwaga yote. Wamenitia mpira wa kutolea mkojo, nafuu imekuja hapo hapo, upasuaji ni Jumanne.

Sasa maswali yako. Ndiyo, ni mimi. Miezi tisa. Na damu nimeiona, mara mbili.

Yule daktari niliweza kumwambia kwa sababu si wangu. Wewe nilikushika mkono ukijifunza kutembea, ningekwambiaje. Nilikuficha kwa ajili hiyo tu, usije ukafikiri kosa lilikuwa lako. Wewe uliuliza vizuri.

Babu yako