GB Mia Mbili na Sita Zimeenda Wapi?

Mpendwa mshauri Felicitas, nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi wazee wanakuja na mimi sijui kama ninatafuta haki au ninajichimbia kaburi. Majina humu nimeyabadilisha yote, hata langu, kwa hivyo usijisumbue kunitafuta.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, naishi Kiritiri, nina mke na binti mmoja, na kazi yangu ni kupiga video za harusi na mazishi, kazi ambayo nimeifanya miaka kumi na tano bila mtu kunilalamikia. Mwaka juzi nilinunua laptopu ya gemu, si kwamba mimi ni mtu wa gemu, hata kuzicheza sijui, lakini niliambiwa hizo ndizo zenye nguvu ya kukata video bila kukwama, na kweli haikukwama mpaka ilipojaa. Diski yake ilikuwa SSD ya GB 512, ingawa kwenye kioo ilikuwa ikionyesha 476, na mimi sikujali, nilijua ni laptopu ya mkono wa pili na vitu vya mkono wa pili haviji vikiwa kamili. Ikafika mahali nikitaka kuweka harusi mpya lazima nifute ya zamani, na kufuta harusi ya mtu ni kitu kibaya, hasa kama wazee walioonekana ndani wameshakufa.

Sasa kuna rafiki yangu, nitamwita Idrisi, fundi wa kompyuta mjini Embu, mtoto wa Mzee Jamaldin mwenye bucha. Tumejuana miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera, nilikuwa nikienda naye harusini ashike nyaya na taa, na siku hizi ana droni yake na watu wanampigia yeye simu kwanza, lakini hiyo si hoja. Akaniambia laptopu yangu ina nafasi mbili za SSD, moja imetumika na nyingine iko tupu tangu itoke kiwandani, kwa hivyo tutoe ile ndogo tuweke ya TB moja, na kwenye nafasi tupu tuweke ya TB mbili, nitasahau mambo ya kufuta. Nikampa pesa akaagiza Nairobi.

Siku ya kuziweka nilikaa hapo nikamtazama akifungua skrubu za chini, nikazihesabu, kumi na moja. Kisha akasema kuhamisha vitu kutoka diski ya zamani kutachukua muda, niende nikanywe chai, na nilipotoka tu akafunga mlango, ati vumbi la barabarani lisiingie kwenye mashine. Mshauri, mlango! Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha, laptopu unaibonyeza tu imewaka, nikashukuru nikaenda nyumbani. Huko nikaigeuza nikahesabu skrubu. Kumi. Hapo ndipo moyo uliposhtuka, nikaangalia ukubwa wa diski, nikapata ya kwanza inasema 931 badala ya elfu moja, na ya pili inasema 1,863 badala ya elfu mbili. Nilitoa kwenye karatasi mara tatu. Zimepungua GB 206, na hizo ni harusi mbili nzima za kamera tatu tatu.

Nikampigia simu. "Idrisi, hizi diski zimepunguka."

Akacheka. Alicheka, mshauri. "Aah, Muriithi, hiyo ni kawaida bana. Kompyuta inahesabu different na kampuni. Si usome sticker, imeandikwa one TB."

Sasa mimi nimelelewa na mama aliyeuza ndengu soko la Kiritiri, na mabroka wa kununua walikuwa wakija na gorogoro, kopo la kupimia, iliyogongwa kitako kwa nyundo mpaka ikatokeza nje kama tumbo, inameza ndengu nyingi kuliko ilivyotakiwa, na mama akiuliza wanamjibu, "Mama, hii ni kawaida, sisi tunapimanga hivi." Maneno yale yale. Tangu nikiwa mdogo najua kwamba mtu akikuambia anapima tofauti, ameshakuibia. Na kibandiko si kitu, hata unga mbovu hufungwa kwenye mfuko mzuri.

Nikamwambia yeye ni mwizi, ameniwekea diski feki na zile za kweli amezipeleka kwingine. Akakata simu. Kesho yake akaja mpaka kwangu na bahasha, nikamwambia nikiwa ndani kwamba sitaki kitu chochote cha mkono wake, akaiacha kwa mke wangu Nelius. Nelius akaipapasa akaniambia, "Baba Bevy, kuna kitu kigumu hapa, kirefu kama kidole. Si ufungue tu?" Sijafungua. Nitajuaje ametia nini humo? Mtu asiye na hatia bahasha ni ya nini? Nimeitupa juu ya kabati.

Nikaenda kwa wazee wa ukoo nikaomba kiapo cha thenge, kile cha kumvunjavunja beberu kwa mawe huku mtu akisema, kama nimedanganya nivunjike hivi mimi na nyumba yangu. Wazee walinisihi nifikirie kwanza, nikakataa, na beberu nimeshanunua, amefungwa nyuma ya jikoni. Mzee Bundi, mkubwa wao, akampigia Idrisi akiwa ameweka spika, akamweleza mashtaka yangu mbele ya wote, na Idrisi akasema, "Mzee, nitakuja. Thenge siwezi, mimi ni Muislamu. Lakini nitaapa kwa Mungu wangu hapo mbele yenu, na baba yangu atakuja pia." Umeona anavyokwepa? Kama hakuiba, mbuzi anamwogopea nini?

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Mlalamishi ndiye anayeapa kwanza. Mzee Bundi ameniambia nitataja nyumba yangu, na nyumba yangu ni Nelius na Bevy, na Bevy ana miaka saba. Nelius hajaongea nami tangu nilete beberu. Niendelee au nifanye nini?

Muriithi (si jina langu), Kiritiri

FELICITAS ANAJIBU

Muriithi, umebadilisha majina lakini umeacha beberu, bahasha na droni. Kiritiri nzima imeshakujua. Ndiyo maana nakujibu haraka, kwa sababu barua yako imenifikia Jumatatu na gazeti hili linatoka Alhamisi, na una siku mbili tu za kujiokoa.

Pole kwanza. Kuhisi kwamba rafiki amekuibia ni uchungu, na mtoto wa muuza ndengu hawezi kulaumiwa kwa kuangalia kitako cha kopo. Mimi pia ni mtu wa kushuku. Miaka niliyokaa na barua zenu imenifundisha nisiamini hata moja mpaka niigeuze, na nilipofika pale pa mlango kufungwa nami nilikunja uso. Kwa hivyo sikumwamini Idrisi, na wewe pia sikukuamini. Nilichukua namba zako, bila majina, nikazipeleka kwa fundi mmoja wa hapa Meru mjini anayeitwa Kiogora, ambaye hana mtu anayemjua Embu, nikamtaka afungue diski mpya ya TB moja mbele ya macho yangu, ikiwa bado na karatasi yake ya kiwandani. Akaiweka kwenye mashine. 931. Nikajiambia labda naye ni mwizi. Nikavuka barabara hadi kwa mpinzani wake, watu ambao hata salamu hawapeani, nikamwomba naye afungue zake. Ya TB moja, 931. Ya TB mbili, 1,863. Namba zako zile zile, Muriithi, mpaka tarakimu ya mwisho.

Wakanieleza, na nitakueleza kwa lugha ya mama yako. Kampuni ikisema GB, inahesabu kwa elfu: elfu mara elfu mara elfu. Windows inahesabu kila hatua kwa 1,024 badala ya elfu, kisha inaliandika jina lile lile, GB. Kopo lake ni kubwa kidogo, kwa hivyo makopo yanayojaa ni machache. Ndengu zilizo kwenye gunia hazijapungua hata punje moja. Broka alimwibia mama yako kwa sababu alichukua kwa kopo kubwa akalipa bei ya dogo. Hapa ni nani aliyechukua chochote? Na jibu ulikuwa nalo nyumbani miaka miwili: ile ya 512 ilikuwa ikionyesha 476, nawe ukasingizia mkono wa pili. Ilikuwa hivyo tangu ilipokuwa mpya. Rafiki yako alikuambia ukweli kwa sentensi moja, nawe ukasikia sauti ya broka.

Kuhusu diski feki, hofu hiyo si ya kijinga. Zipo, na ukizijaza zinameza video bila kukuambia. Lakini namba ya kwenye kioo haithibitishi ufeki wala haiukanushi. Linalothibitisha ni kuijaza. Nakili video zako humo mpaka ikaribie kujaa, huku nakala zake zikiwa salama mahali pengine, kisha fungua za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikicheza zote, diski ni halali. Hiyo ni kazi ya siku moja, na haihitaji wazee wala damu ya mnyama.

Halafu hiyo bahasha. Nilipomsomea Kiogora pale pa kidole, hakuningoja nimalize. "Mama, hiyo si ni SSD yake ya zamani? Ziko size hiyo kabisa. Na mwizi gani anakurudishianga storage inafanya kazi?" Nami nauliza hivyo hivyo. Kwenye diski ile kuna harusi zote za watu wako na nyuso za marehemu wao. Kama Idrisi angekuwa na mkono mrefu, hicho ndicho angebaki nacho, maana hata hukukumbuka kukiulizia. Ulishuku ulichopewa, ukasahau ulichoacha. Panda juu ya kiti, uishushe, uifungue. Usishangae ukiikuta na skrubu ya kumi na moja. Na usipoikuta, basi kwa hiyo skrubu una haki ya kumgombeza, na mimi nitakuwa upande wako.

Sasa nikupe shaka yangu. Uliandika kwamba wewe ndiye uliyemfundisha, kwamba leo ana droni na watu wanampigia yeye kwanza, kisha ukaongeza, "lakini hiyo si hoja." Hakuna aliyekuuliza kama ni hoja. Nimesoma barua nyingi, na mtu akiniambia jambo si hoja bila kuulizwa, huwa ndilo lililomshikisha kalamu. Naona ulikuwa ukimtafutia Idrisi kosa kabla hajagusa bisibisi. Ndiyo maana ulihesabu skrubu kabla hata mlango haujafungwa. Wivu si dhambi ya kuua, Muriithi, lakini wa kwako umenunua beberu.

Na kuhusu kiapo, hapo umenikasirisha. Ulimtaka Muislamu apige thenge, aliposema hawezi ukasema ni hatia, ingawa amekubali kuja kuapa kwa Mungu wake mbele ya ukoo usio wake, na baba yake mzee akisimama kando asikie mwanawe akiitwa mwizi. Huko ndiko kukwepa? Anayekwepa hubadilisha laini ya simu. Wewe nawe umejaza karatasi bila kunitajia kama mchungaji wa kanisa lako anajua habari za kiapo hiki. Hajui, sivyo? Mke wako amenyamaza kwa sababu ameona jambo ambalo wewe umekataa kuliona: kwamba unataka kumweka rehani mtoto wake wa miaka saba kwa hesabu ambayo hukuijua. Kama unaamini nguvu za thenge, basi unajua ni nyumba ya nani ingevunjika Jumamosi. Kama huziamini, basi ulitaka tu kumwaibisha mtu hadharani. Chagua ni lipi, yote mawili ni mabaya.

Basi fanya hivi. Leo hii, kabla hujala, nenda kwa Mzee Bundi umwambie, "Nilikosea, nafuta mashtaka." Usizungukezunguke, usianze na habari za tarakimu. Wakikutoza faini kwa kuwasumbua, lipa bila kununa, na huyo beberu waamue wao wenyewe la kumfanyia. Omba Mzee Bundi ampigie Idrisi tena, akiwa ameweka spika, na wazee wale wale wakisikia, aambiwe kwamba hakuna shauri tena na kwamba mlalamishi ndiye aliyekosea. Neno lilitoka mbele ya watu, lirudishwe mbele ya watu. Ukitoka hapo mwambie Nelius samahani, yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ndiye aliyekuambia ufungue bahasha.

Kesho Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, nenda Embu. Usimwendee Idrisi kwa siri kwenye kibanda chake, wala usimtumie ujumbe wa simu. Nenda kwenye bucha ya baba yake, uombe aitwe, useme wakiwa wawili. Usiseme "kama nilikukosea." Hakuna kama. Sema, "Nilikuita mwizi, na hukuiba." Kisha funga mdomo, hata kama wateja wamepanga foleni wanakutazama. Anaweza kukusamehe hapo hapo. Anaweza pia asikusamehe, na kwa hilo hakuna mzee wa ukoo wa kumshtakia.