Mfalme Hakulala Kwenye Baa Yetu

Thelma, shoga, nimeaibika!

Miaka minne naandika historia ya kijiji hiki. Leo nimesimama ukumbini nikawaambia wanakijiji ukweli: hakuna mfalme aliyewahi kulala kwenye baa yetu. Babu yangu, mwenye baa, ndiye aliyeitunga hadithi ile avutie wateja.

Mzee Pocock akaruka: "We Hester! Unamvua nguo babu yako mbele za watu?"

Nikasema ninayo barua ya babu, kakiri kwa mkono wake. Kakiri, Thelma!

"Ichome!" akafoka mzee.

ICHOME! Na watu wakapiga makofi!

Wakapiga kura, eti mfalme alilala au hakulala. Mkono wa kwanza kupanda kumtetea mfalme ulikuwa wa mama yangu mzazi.

Mfalme kashinda, na sasa wanataka niuandike upya ukurasa wake. Nimekataa, nikaondoka na barua yangu. Mama hakunitazama.