Dawa Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Eldoret, Jumatano, Juni 1987
(Nimenakili kutoka daftari langu la wakati huo. Majina nimeyabadilisha.)

Mvua inanyesha tangu saa nane mchana na barabara ya Moiben ni matope matupu. Nimevua viatu mlangoni. Nimekunywa chai vikombe viwili na bado nina hasira, jambo ambalo si kawaida yangu. Kazi hii ya gazeti imenizoesha kuandika ajali, moto na njaa bila kupandisha sauti.

Leo nimepandisha sauti. Tena ofisini kwa mwalimu mkuu, chini ya picha ya Rais.

Niandike kwa mpangilio, labda nitatulia.

Muhula uliopita mtafiti mmoja wa chuo kikuu alikaa siku kadhaa katika shule ya wasichana ya bweni, upande wa Moiben. Alitaka kujua wanafunzi wanaishi vipi: wanalala saa ngapi, wanakula nini, wananawa kwa maji gani. Alikuta macho mekundu karibu kila kitanda. Wasichana wanane beseni moja, maji yale yale, taulo moja ikizunguka. Akapendekeza mambo mawili: shule iongezewe maji, na kila msichana apakwe tetrasaiklini, dawa ya macho iliyo kama mafuta, mara mbili kwa siku bila kuchelewa.

Dawa ilikuja. Hilo ndilo linaloniumiza. Haikupotea njiani, haikuibwa, haikuuzwa. Ilifika shuleni mwanzoni mwa muhula huu, katoni mbili, zikafungwa utepe na kuwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Zinasubiri mgeni rasmi aje azikabidhi.

Mgeni alikuwa aje Ijumaa, wiki tatu zilizopita. Alhamisi dereva wake aliniletea hotuba, imepigwa taipu vizuri. Hivi ndivyo tunavyofanya kazi, na sijisifu: ukurasa unafungwa mapema, hotuba iko mkononi, mkubwa amesema atakuja. Nikaandika kwamba amekabidhi dawa, wanafunzi wameimba, wazazi wamepiga makofi. Jumamosi habari ikatoka, jina langu juu yake.

Mgeni hakuja. Aliitwa Nairobi. Akapanga siku nyingine, hakuja tena.

Nilijua tangu Ijumaa ile ile, saa kumi jioni. Nikajiambia atakuja wiki ijayo, na habari yangu itakuwa kweli iliyotangulia kidogo.

Hayo ndiyo maneno niliyojiambia. Nayaandika ili niyaone.

Leo asubuhi simu ya ofisi ililia. Alikuwa Sista Naliaka, muuguzi wa shule ile.

"Ni wewe, bwana gazeti? Asante sana kwa kutuponya. Sasa njoo uone tulivyopona."

Kisha akanieleza kuhusu Jerop, wa kidato cha tatu, akanipa jina la dawa na kuniambia kwamba hata tyubu moja ingemsaidia. Nilipitia maduka mawili ya dawa mjini. La kwanza halikuwa nayo. La pili lilikuwa na tyubu moja, nikainunua.

Jerop nilimkuta amekaa kitandani, ameuelekezea ukuta uso kwa sababu mwanga wa dirisha unamchoma. Jicho la kulia lina doa jeupe mbele ya mboni, dogo kama punje ya wimbi. Jumatatu Sista alimpeleka hospitali. Daktari alisema ni kidonda, kimetokana na ugonjwa ulioachwa bila dawa, na huenda kovu likabaki. Jicho la kushoto nalo limeanza. Alisema la kushoto bado linaweza kuokolewa, lakini apakwe sasa, na bweni zima lipakwe pamoja naye, la sivyo ataambukizwa tena kwenye beseni lile lile. Akaandika dawa. Kwenye dirisha la dawa wakasema imekwisha, waende stoo kubwa ya dawa za serikali.

Huko stoo ndiko walikokutana na jina langu. Karani alifungua droo, akatoa gazeti na kuweka kidole kwenye habari yangu.

"Sista, nyinyi mmeshapata. Hata mliimba. Mnataka tena? Serikali si ng'ombe wa kukamuliwa asubuhi na jioni."

Sista alinisimulia hivyo huku akimpaka Jerop ile tyubu niliyoleta. Hakunitazama.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Katoni zipo nyuma ya mlango, utepe mwekundu juu yake. Ungeweza kuzigusa kwa mguu. Nikamuuliza kwa nini asizifungue.

"Nikifungua, mgeni atakabidhi nini? Katoni tupu?"

Nikasema msichana anapoteza jicho hatua hamsini kutoka pale. Ndipo nilipopandisha sauti. Yeye hakupandisha. Alisema, "Mzee, wewe utarudi Eldoret. Mimi nina watoto wanaosoma hapa. Mwenzangu aligawa madawati kabla ya mgeni kufika, sasa anafundisha mahali ambapo barua inafika baada ya mwezi." Nilitaka kumchukia, ingekuwa rahisi zaidi.

Nikaomba kutumia simu yake. Nikampigia mhariri Nairobi, nikamwomba mistari mitatu ya kusahihisha habari ile.

Akacheka kwanza. "Unataka niandike kwamba mheshimiwa hakufika mahali ambapo sisi tulisema alifika na kupigiwa makofi? Sasa hapo mwongo ni nani? Na ukifikiri vizuri, nani ataitwa kueleza?" Kisha akasema kwa upole, "Achana nayo, ndugu yangu. Atakuja tu."

Mwalimu mkuu alisikia yote. Akajifanya anapanga madaftari.

Nilirudi kwa Sista, nikamwomba karatasi. Niliandika nimesimama, juu ya kabati lake la bandeji: kwamba mimi ndiye niliyeandika habari ile, kwamba sikuwepo, kwamba hakukuwa na sherehe, kwamba hadi leo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepakwa dawa ile. Nikatia jina, sahihi na namba ya kitambulisho.

Sista aliisoma mara mbili. "Unajua karatasi kama hii ikiingia kwenye faili haitoki?"

"Najua."

"Basi twende kabla mvua haijaanza, na kabla hujabadilisha mawazo."

Karani wa stoo hakutania tena. Aliisoma akisogeza midomo, akaondoka nayo, akakaa nusu saa nzima. Aliporudi alikuwa na katoni moja na kitabu cha kusaini. "Dawa mtachukua," alisema. "Karatasi inabaki kwa mkubwa wangu."

Hivyo ndivyo dawa ilivyopatikana. Katoni mbili bado ziko ofisini kwa mwalimu mkuu na utepe wake.

Tulirudi shuleni mvua ikitupiga. Sista alipanga wasichana foleni, kila mmoja na tyubu yake, akawakataza beseni la pamoja hata kama itabidi wanawe kwa kikombe. Wa kwanza kupakwa alikuwa Jerop, mara yake ya pili leo. Alikaa ameinua uso, machozi na dawa vikimtiririka shavuni. Sista akamwambia aniulize swali kama analo, maana leo tunajibu.

Akaniuliza, "Ni wewe uliandika kwamba tuliimba?"

"Ni mimi."

"Ulituona wapi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli. Alidhani labda ipo siku waliimba na yeye alikuwa amelala na maumivu, wenzake wakapewa dawa yeye akasahaulika. Wiki hizi tatu amekuwa akidhani hivyo.

Nilimwambia sikumwona yeye wala mwingine yeyote. Nilimwambia niliandika nikiwa mjini, kutoka kwenye karatasi. Akasema, "Kumbe hawakunisahau," na nikaona amefurahi.

Nimesikia mengi katika kazi hii. Hilo sijui niliweke wapi.

Kesho huenda nikaitwa kueleza. Nitaeleza. Ijumaa nitarudi Moiben kuangalia jicho la kushoto, na chochote nitakachokiona nitakiandika, kichapwe kisichapwe. Na hotuba ya mtu ambaye hajafika itakaa mezani kwangu hadi nimwone kwa macho yangu ameshuka garini. Wakinifukuza kwa kuchelewesha ukurasa, wanifukuze.