Klachi ya Vera

Kawempe, Kampala
2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu Kawempe. Natumai goti lako limepoa na wanafunzi wako hawakupandishi presha. Sisi hatujambo. Mkweo Wandera anakusalimu, kikohozi kimemwachia. Mjukuu wako Travis ameng'oka meno mawili ya mbele lakini mdomo haujapunguza kazi.

Mama, gari nimenunua. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ungenikatiza kabla sijafika kwenye magurudumu. Ni gari la familia, la dizeli, viti vinane mbali na cha dereva, rangi ya kijivu, na gia ni za mkono. Wandera alitaka otomatiki, nikamwambia mtoto wa Mwalimu Awiti hajifunzi kuendesha miaka miwili halafu aachie gari lifikirie badala yake. Jina lililoandikwa kwenye kadi ya gari ni langu. Vitenge nimewaachia wenye vitenge. Tangu shule zifunguliwe nabeba watoto saba, Travis akiwa mmoja wao, kutoka Kawempe mpaka shuleni kwao Nakasero, asubuhi na jioni. Wazazi wananiita Madam Vera. Miaka yote niliyouza vitenge hakuna aliyeniita madam.

Kuna jambo moja tu. Wiki iliyopita tulikuwa tunapanda Nakasero, jam imekaza, nikasikia harufu kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Mara injini inanguruma na gari haliendi. Fundi wangu anaitwa Ojok. Alipolifungua alitikisa kichwa akasema, maana huku kila mama ni nyabo, "Nyabo, hii klachi imeisha kabisa. Kwani hii gari inabeba mawe?" Amefunga mpya.

Nadhani aliyeniuzia hakuwa dereva. Mimi mlima naushika vile vile ulivyonifundisha kule kwenye mlima wa Riat, ulipokuwa unaweka yai nyuma ya gurudumu. Mguu wa kushoto nusu ya klachi, wa kulia mafuta kidogo, gari linatulia pale pale juu ya mlima. Breki ya mkono siigusi. Hata trafiki wa Nakasero ananitazama.

Mwanao akupendaye,
Vera

*

Kisumu
11 Machi 2025

Vera mwanangu,

Barua yako imekuja na basi, kondakta ameileta mwenyewe mpaka mlangoni kwa sababu leseni yake aliipatia kwangu. Nashukuru Mungu mu wazima. Mimi pia ni mzima. Goti ni goti la mwanamke aliyekanyaga klachi tangu ujana, silitegemei liimbe.

Barua nimeisoma kanisani baada ya matangazo. Si yote, ile sehemu ya gari na ya jina kwenye kadi. Mchungaji alisema amina. Mwenyekiti wa akina mama, ambaye mwanawe wa kiume amekaa Nairobi miaka kumi na hajanunua hata baiskeli, aliangalia viatu vyake. Nisamehe, nilifurahi sana.

Klachi hiyo iliharibiwa na mwenye gari wa kwanza, usijisumbue. Wewe endelea kushika mlima nilivyokufundisha. Nimefundisha madereva wa lori, mapadri wawili, chifu na mke wa chifu, na hakuna hata mmoja anayevuta breki ya mkono mlimani. Breki ya mkono ni ya kuegeshea. Anayeivuta mlimani anatangaza kwamba haiamini miguu yake mwenyewe. Katika wote hao, aliyeshika mlima vizuri kuliko wengine ulikuwa wewe. Yai hukuvunja hata moja.

Ningekuja nilione hilo gari, lakini unajua desturi yetu, mama halali nyumbani kwa mkwe wake, na safari ya kwenda na kurudi bila kulala goti halitaki kusikia. Nitumie picha, wewe ukiwa umekaa kwenye usukani. Si Wandera.

Mama yako,
Mwalimu Awiti

*

Kawempe
13 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Habari za huko? Tumesikia mvua imewazidi, natumai paa limevumilia. Huku pia inanyesha, na Bwaise maji yamejaa barabarani, kwa hiyo foleni inaanzia karibu na mlango wetu.

Klachi ya pili imeungua. Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika sentensi hiyo. Haikumaliza hata muhula mmoja. Ojok aliitoa, ile sahani imekuwa nyeusi imepasuka pembeni, akaniwekea mkononi bado ina joto. Akaniambia, "Nyabo, wewe unaweka mguu hapo sana. Achia haraka."

Basi nikaachia haraka. Sasa gari linazima. Kila nikitaka kuondoka mlimani linatikisika mara moja linazima, boda boda nyuma zinapiga honi, nawasha, linazima tena. Jumatano iliyopita Wandegeya, mlimani karibu na taa, lilizima likarudi nyuma kidogo na mwenye boda akapiga dirisha kwa ngumi. Watoto wawili walilia. Travis hakulia, aliwaambia wenzake, "Mama anajua kuendesha, gari ndiyo mgonjwa." Iliniuma kuliko ile ngumi.

Wazazi wamekutana kwa Zuleika, jirani yetu, mama wa wawili kati ya hao watoto. Watu wa ukoo wake walitoka pwani zamani, wana duka hapa tangu enzi za babu yake. Walinikalisha kwa adabu, chai na mandazi, wakasema wananipa muhula wa pili. Likizima na watoto ndani tena mara kwa mara hivi, watatafuta dereva mwingine. Mama, kazi hii ndiyo kitu cha kwanza nilichokianzisha mwenyewe kikasimama. Sitaki kuipoteza.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye unayejua.

Mwanao,
Vera

*

Kisumu
22 Aprili 2025

Vera mwanangu,

Sisi wazima, paa limevumilia. Wape pole wale watoto waliolia na umpe Travis soda.

Nimefikiri. Ni dizeli yenu. Dizeli ikiwa na maji gari huzima, kila mtu anajua. Mwaga tangi lote, badilisha filta, nunua mafuta kituo kingine. Klachi nazo siku hizi zinatengenezwa kama biskuti. Na huyo Ojok mbadilishe, fundi hawezi kumfundisha mtoto wangu pa kuweka mguu.

Hao wazazi waambie umefundishwa na nani. Sisemi kwa kujisifu. Sawa, nasema kwa kujisifu, lakini ni kweli.

Usiogope mlima. Ushike kama nilivyokufundisha.

Mama yako,
Mwalimu Awiti

*

Kawempe
15 Juni 2025

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta na afya njema. Sisi hatujambo, Travis ameota jino moja.

Tangi nilimwaga. Filta nilibadilisha, na kituo cha mafuta pia. Gari liliendelea kuzima na klachi ya tatu ikaanza ile harufu. Ojok sikumbadilisha, ni mtu mwaminifu.

Ijumaa ya wiki juzi mguu wangu wa kushoto uligoma. Nilipanda gari asubuhi, nikashindwa kukanyaga klachi, nikashuka goti limekaza, siwezi kulikunja. Zuleika alikuwa ameleta watoto wake, akasema, "Leta funguo, mwenzangu, leo utakaa abiria kama bibi harusi." Ameendesha Kampala tangu nikiwa darasani. Nikakaa pembeni na moyo mzito, kwa sababu gari langu sijawahi kumpa mtu.

Tulipofika Wandegeya, pale pale mlimani, jam ikasimama. Zuleika akavuta breki ya mkono. Akatoa gia. Akaondoa miguu yote miwili, Mama, akaikunja chini ya kiti kama mtu aliye sebuleni, akaanza kujifunga ushungi upya kwenye kioo. Niliona aibu kwa niaba yake. Nilitazama nje nisije nikaonekana nimemwona. Kwetu mtu wa hivyo angeanguka mtihani kabla hajawasha.

Foleni ilipojongea akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akaiachia klachi polepole mpaka pua ya gari ikainuka kidogo, ndipo akaishusha breki. Tukaondoka. Hatukurudi nyuma hata unene wa kidole. Akafanya hivyo tena na tena mpaka shuleni, mafuta anakanyaga kama anayeogopa kumwamsha mtu. Halikuzima hata mara moja. Ile harufu sikuisikia.

Nikamuuliza mbona hashiki mlima kwa mguu. Akaniangalia kwa huruma. "Gari imesimama, na wewe simama. Huo mguu unaupeleka vitani kupigana na nini?"

Nilikaa usiku nikifikiri, na sasa nakuandikia kitu ambacho sitaki kukiandika. Pikapu yetu uliyonifundishia ilikuwa ya petroli, nyepesi, na pale Riat tulishika mlima kwa dakika moja, gari tupu, wewe umesimama nje unatazama. Mimi hapa nashika mlima nusu saa, na watoto saba na mabegi yao. Muda wote huo sahani ya klachi inasuguana. Ndiyo maana inaungua. Na Ojok aliponiambia niachie haraka, nikaiachia kwa nguvu bila kuipa injini nafasi, ndiyo maana ilizima. Maji kwenye dizeli hayakuwapo. Gari ni zima, Mama. Ni namna ninavyoshika mlima, na hiyo namna ni yako.

Sasa naendesha kama Zuleika. Najua utakavyolipokea jambo hili. Lakini nina watoto wa watu nyuma.

Mwanao,
Vera

*

Kawempe
27 Julai 2025

Mama mpendwa,

Sijapata barua kutoka kwako, na kwenye simu unaongea habari za kuku tu. Natumai wewe ni mzima na ni hasira tu, si ugonjwa. Nimemuuliza kondakta, akasema amekuona unatembea vizuri na aliogopa kukuuliza zaidi.

Sifuti nilichoandika. Nilifikiri kukifuta, nikaanza barua tatu za kuomba radhi, nikazichana zote. Ningekuwa nimeomba radhi kwa jambo lililo kweli, na wewe hukunilea hivyo.

Nakupa habari tu. Tangu mwezi wa sita gari halijazima na watoto ndani. Juzi Ojok alitambaa chini akaichungulia klachi, akatoka anacheka, "Nyabo, hii bado mpya. Sasa mimi nitakula nini?" Wazazi wamekutana tena kwa Zuleika, safari hii na biriani. Kazi wameniachia, na mama mmoja anaitwa Laker anataka nimbebee watoto wake watatu. Nafasi ninayo ya mmoja tu. Wandera anasema tuanze kufikiria gari la pili.

Nilipotoka pale nilitembea mpaka nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Mtu niliyetaka kumwambia kwanza ulikuwa wewe.

Shule zinafungwa mwishoni mwa Agosti.

Mwanao,
Vera

*

Kisumu
12 Agosti 2025

Vera mwanangu,

Sijambo. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimekasirika, na hasira ya umri wangu inachukua muda kama ugali wa watu wengi. Msalimie mkwe wangu. Huyo Zuleika mwambie ushungi afunge nyumbani, lakini mshukuru.

Barua yako ya Juni niliiweka ndani ya Biblia nikaacha kusoma Biblia. Halafu wiki iliyopita nilikuwa napanda Riat mwenyewe, kwenda maziko, na trela la miwa likakwama mbele yetu. Nikashika mlima. Gari langu unajua ni lile jipya, nalo ni la dizeli. Trela halikusonga, nami sikuachia. Watu walikuwa wanashuka kwenye magari yao wananitazama nilivyotulia, na nilijisikia vizuri sana. Kisha nikaisikia hiyo harufu uliyoiandika, ya nguo na pasi. Nikaangalia huku na huku nikitumaini ni ya gari lingine. Mlima mzima tulikuwa magari manne, na yale mengine matatu yalikuwa yamezimwa.

Nikavuta breki ya mkono. Sitasema zaidi kuhusu hilo, na wewe usiniulize.

Sasa sikiliza. Nina wanafunzi sita wa likizo. Nimewafundisha kuwasha, kugeuza, kurudi nyuma na alama zote za barabarani. Mlima sijawafundisha. Kila Jumamosi wananiuliza lini tutakwenda Riat, nawaambia mngoje, mwalimu wa mlima anatoka Kampala. Mmoja, kijana wa benki mwenye maswali mengi, alitaka kujua huyo mwalimu amefundishwa na nani. Nikamwambia amefundishwa na mimi, halafu akanipita.

Nililisema mbele ya wote sita, kwa sauti yangu ya darasani. Hakuna aliyenilazimisha.

Shule zikifungwa, njoo na gari lako, uje ukiendesha mwenyewe kutoka huko, upite katikati ya mji wazi wazi, na Jumapili uliegeshe mbele ya kanisa pale mwenyekiti atakapoliona. Jumamosi saa mbili uwe Riat. Mimi nitakaa kiti cha nyuma na hao wanafunzi, nitanyamaza, na utanifundisha.

Mama yako,
Awiti